Mapepeo ya Nebo Springs

Jumatano, Oktoba 19

Nimeamka na wazo! Si wazo la kawaida. Hili ni wazo la kunitoa mji huu wa Tolliver na kunifikisha ofisi ya chama Atlanta, meza ya dirishani, kiti cha kuzunguka. Nakistahili kiti hicho. Nimewapigia debe wagombea wanne, wote wameanguka, na hakuna hata mmoja aliyeanguka kwa sababu yangu.

Safari hii ni Wakili Garrison Loftis. Anautaka useneta wa jimbo. Mzungu mpole, jasho jingi. Hawezi kushinda bila kura za watu weusi wa upande wetu wa reli, na upande wetu hawamjui hata kwa sura. Ndiyo maana nimeajiriwa mimi, mtoto wa hapa hapa. Asubuhi alipiga simu Trevor, kijana wa Atlanta anayesimamia maneno ya chama kwa jimbo zima. Akasema utafiti umetoka: tusitaje rangi kabisa, tutaje bei ya mayai. Nikamwambia bei ya mayai watu wangu wanaijua, wao ndio wanaoyanunua. Akasema safi sana, basi tunaelewana.

Halafu akauliza watu weusi wa Tolliver nawapata wapi wote kwa pamoja. Nikasema kanisani, Nebo Springs, kila Jumapili. Kiyoyozi kimekufa tangu Pasaka na Oktoba hii imekataa kupoa, kwa hiyo wote wamekaa wanajipepea. Wazo likaingia hapo hapo.

Mapepeo! Yale ya mkono, ya kadi ngumu na kijiti. Uso wa Loftis mbele, ujumbe wa chama nyuma. Ibada nzima wanamtazama, hawana pa kukimbilia. Trevor alishangilia mpaka nikaisogeza simu mbali na sikio.

Hosea Bostick sijamwambia. Bostick naye anamfanyia kazi Loftis, upande huu huu, mshahara huu huu. Mbinu yake yote ni kukaanga kambare nyuma ya duka la kinyozi na kusikiliza watu wakilalamika kuhusu wodi ya wazazi iliyofungwa. Kusikiliza! Hiyo nayo ni kazi?

Ijumaa, Oktoba 21

Mapepeo yamefika. Mazuri mno. Loftis anacheka meno yote nje. Nyuma yameandikwa LOFTIS: MMOJA WETU. Ni maneno ya Trevor. Nilimuuliza kwa upole, wetu ni wetu nani? Akasema ndio uzuri wake, kila mtu atajaza mwenyewe. Chini kuna picha ya yai.

Bostick alipita akanusa maboksi. Akauliza kuna nini. Nikasema vitabu vya sala. Alicheka hadi akashika ukuta. "Kaka Lamar, wewe na sala wapi na wapi?" Wivu tu.

Jumamosi, Oktoba 22

Tatizo lilikuwa ufunguo. Ufunguo wa Nebo Springs anao mtu mmoja, Shangazi Earlene, dada wa marehemu baba, aliyenilea. Shangazi ni kiongozi wa wahudumu wa mlangoni. Amesimama kwenye mlango ule na glavu zake nyeupe tangu mimi sijaota meno. Hasemi neno wakati wa ibada. Mkono mmoja mgongoni, mwingine unatoa ishara: vidole viwili, wapo wawili wanatafuta nafasi, kiganja chini, subirini, kiganja mbele, njooni. Kanisa zima linatembea kwa mkono wake. Hana mume, hana mtoto zaidi yangu. Ana mlango ule.

Nikamwambia nataka nikapanguse viti, iwe zawadi kwa kanisa. Machozi yalimlengalenga. Akanikatia kipande kikubwa cha keki ya limau. Akaniwekea ufunguo kiganjani na kusema, "Lamar mwanangu, kila kitu ukiache kilipokuwa. Huo ufunguo una jina langu." Nikasema usiwe na wasiwasi, Shangazi. Keki ilikuwa tamu.

Kazi ilinimaliza mgongo. Kila kiti kina mapepeo yake ya zamani, yenye uso wa Bi Arzella Grier na kofia yake, na nyuma jina la kampuni ya mazishi ya Grier. Bi Arzella kafa zamani. Ni yeye aliyewapeleka watu wa hapa kupiga kura enzi zile ambazo ukienda kupiga kura unarudi unakuta nyumba yako majivu. Aliwabeba ndani ya gari la maiti. Nani angesimamisha gari la maiti? Nimesimuliwa habari hiyo kila mwaka tangu utoto, naijua kwa moyo.

Lakini mapepeo yenyewe! Yamechakaa. Yana alama za meno ya watoto. Mengine yameandikwa majina kwa kalamu. Nikayakusanya yote nikayatia kwenye pipa la karatasi nyuma ya kanisa, lori la taka hupita Jumanne. Nikaweka ya Loftis. Kanisa likang'aa!

Jumapili, Oktoba 23

Sijui nianzie wapi.

Joto lilikuwa kali. Kwaya ikamaliza, watu wakaketi, mikono ikashuka kuchukua mapepeo, ikainuka yote kwa pamoja. Nikapiga picha hapo hapo. Picha nzuri sana! Halafu mikono ikasimama hewani. Mchungaji aliinua macho kutoka kwenye Biblia akakuta kanisa zima la Loftis linamchekea.

Hakuna aliyejipepea. Wote wanatokwa jasho, mapepeo mapajani, kifudifudi. Mzee Cleophus, ambaye masikio yake ni mazito na kwa hiyo sauti yake ni kubwa, akauliza, "Huyu mzungu amekufa lini?" Nebo Springs hakuna aliye hai anayewekwa kwenye pepeo. Nilikuwa nimesahau jambo hilo. Nani anaweza kukumbuka kila kitu?

Kisha Mama Leontyne Grier akasimama kiti cha mbele. Ndiye mwenye kampuni ya mazishi, binti wa Bi Arzella. Amewazika wazazi wetu wote na wengi wetu bado anatusubiri. Hakupandisha sauti. Akauliza tu, "Mama yangu yuko wapi?"

Baada ya ibada Shemasi Purvis akamwita Shangazi kwenye ujia. Nilijibanza nyuma ya mlango wa choo nikasikia. Akamuuliza ufunguo anao nani. Shangazi akasema ninao mimi, Shemasi. Hakunitaja! Shemasi akasema basi Jumapili ijayo Bi Arzella arudi mahali pake, la sivyo Dada Earlene ataweka glavu chini, na yeye Shemasi itamuuma kuliko mtu mwingine yeyote.

Mezani Shangazi alinipakulia sukuma na mkate wa mahindi, kisha akauliza yako wapi. Nikasema yapo salama, Shangazi, stoo. Nikaapa. Lori ni Jumanne, kwa hiyo ni kama stoo.

Trevor nimemtumia ile picha ya mikono hewani. Kajibu kwa alama za mshangao tupu.

Jumatatu, Oktoba 24

Nimeenda kwenye pipa mapema. TUPU!

Hakuna hata kijiti. Nimeingiza kichwa ndani, nimeingiza na mabega, nikakwama, mtu wa posta akanivuta kwa miguu. Lori halijapita. Mapipa ya majirani yamejaa vilevile. Nani huyu anayeiba karatasi kuukuu?

Nimejilaza siku nzima. Shangazi kanipikia uji akidhani nina homa. Nilimwangalia mikono yake ikikoroga ule uji. Bila glavu inaonekana mizee. Nimeona vibaya kweli, kwa muda mrefu kidogo. Halafu nikapata wazo.

Jumatano, Oktoba 26

Wazo: nichapishe upya! Nahitaji picha moja tu ya Bi Arzella. Mpiga chapa anipe mapya, niyasuguesugue kwenye zege, niyamwagie chai, nimuombe mtoto wa jirani ayatafune. Nani atajua?

Picha iko kwa Grier, ukutani sebuleni pa kampuni. Nisingeweza kuingia na kuiomba tu. Kwa hiyo nikavaa suti, nikaenda nikasema nataka kupanga mazishi yangu mapema, watu wenye busara hufanya hivyo.

Mama Grier akanikaribisha kwa heshima zote. Akanipa chai baridi yenye sukari. Akanitembeza kwenye majeneza. Akanilaza kwenye moja, ati nione mabega kama yanatosha. Nikiwa nimelala mle akanitazama kutoka juu, mikono kaikunja, akauliza kwa utulivu, "Na kwenye pepeo lako tuweke picha gani, Lamar?" Nikasema yoyote, Mama. Akasema, "Si tabu. Wewe utahitaji mapepeo machache tu."

Alijua! Sijui anajua nini, lakini anajua. Nimetoka na kijitabu cha bei za majeneza. Picha sikuipata. Mabega yalitosha.

Jumamosi, Oktoba 29

Kesho ndiyo kila kitu. Kesho watu wa Nebo Springs wakitoka ibadani wanapanda mabasi moja kwa moja kwenda kupiga kura za mapema, zile za kabla ya siku yenyewe ya uchaguzi. Bila kura hizo Loftis kwisha, na mimi nimekwisha. Na kesho ndiyo Jumapili ya Shemasi.

Nimewafunda vijana wetu wa kujitolea kwa ukali. Sheria ni sheria: karibu na mlango wa kupigia kura hakiruhusiwi chochote cha mgombea. Si beji, si kofia, si fulana. Mstari umechorwa chini, kuuvuka na kitu cha Loftis ni kosa. Na ndani ya mstari kumpa mtu aliye kwenye foleni kitu, hata maji, ni kosa vilevile. Nilisema mara mbili. Bostick alikuwa nyuma ananisikiliza huku anatafuna kijiti cha meno. Akauliza kama nimekumbuka kila kitu. Nikamwambia akakaange samaki.

Jioni Shangazi alipiga pasi glavu. Kidole kimoja kimoja. Akasema, "Kesho asubuhi yatakuwa yamerudi, siyo?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Lamar, niangalie." Nikaangalia pasi.

Jumapili, Oktoba 30

Nitaandika yote kama yalivyokuwa.

Asubuhi mapepeo ya Bi Arzella hayakuwapo. Bila shaka. Watu walijipepea kwa Loftis, wamekunja nyuso. Shemasi Purvis alimtazama Shangazi mlangoni, Shangazi akatazama mbele. Shemasi akasema leo ni siku ya kura, haya mengine tutayamaliza tukimaliza kupiga.

Mabasi yakaja. Nilisimama mlangoni mwa kila basi kama askari. Vua beji! Vua kofia! Nikamvua Mzee Cleophus hata pini ya jeshi, akanitusi. Hakuna kilichonipita.

Kituoni foleni ilizunguka jengo mara nzima. Jua la utosi. Watu wetu wakashuka, wakasogea hadi kwenye mstari, wakijipepea. Mwanamke wa tume ya uchaguzi akainuka kitini. Akanyoosha kidole. Akasema hizo picha haziingii.

Kila mmoja wao alikuwa na Loftis mkononi. Na mimi niliyewavua beji nilikuwa na mawili.

Nikamwambia dada, hayo ni mapepeo tu, ni ya joto. Akaniuliza huyo anayecheka hapo ni nani. Nikasema sikumbuki. Akasema wayatupe au watoke. Wakayatupa. Lundo la Loftis kwenye nyasi, wote wanacheka. Kisha foleni haikwenda. Joto likapanda. Maji huruhusiwi kumpa mtu. Bibi mmoja akaketi chini. Mzee Cleophus alikuwa amekuwa rangi ya jivu, kashikilia kigari chake cha kutembelea, anasema haondoki, lakini miguu yake inasema mengine. Nikasikia nyuma sauti: twendeni nyumbani. Ya pili: kweli, twendeni, hata huyo mtu mwenyewe mimi simjui. Dereva wa basi akawasha injini. Niliona foleni inaanza kukatika katikati, na kiti changu cha kuzunguka kinakwenda nayo.

Shangazi Earlene akatoka mahali pake. Hakusema neno. Mkono mmoja mgongoni. Kiganja chini: subirini. Foleni ikasubiri! Akatembea toka mwisho hadi mwanzo, glavu zinang'aa. Wagonjwa ukutani penye kivuli kidogo. Wenye nguvu juani. Mwanamke wa tume alimtazama, akatafuta kosa, hakuliona. Hakuna sheria inayokataza mkono mgongoni. Lakini hata mimi niliona hawatafika.

Ndipo gari la maiti likaingia. Refu, jeusi, polepole, taa zinawaka. Magari yote yakalipisha njia. Likasimama nje ya mstari. Akashuka Mama Grier, na nyuma yake akashuka Bostick kakumbatia boksi.

Mapepeo! Bi Arzella, kofia na yote, alama za meno na yote! Kumbe Bostick aliniona Jumamosi ile nikiyatia kwenye pipa, akayachukua yote, akampelekea Mama Grier, na wote wawili wakakaa kimya kuniangalia nitafanya nini. Mshenzi yule! Kanikonyeza.

Mama Grier hakuukanyaga mstari. Shangazi akainua vidole vitano: watano watoke. Wakatoka, kila mmoja akapewa lake, wengine wakitafuta lenye jina lao, wakarudi mahali pao. Vidole vitano tena. Hakuna aliyepoteza nafasi, hakuna waliosukumana. Mwanamke wa tume akachukua pepeo moja, akaligeuza. Akauliza huyu anagombea nini. Mzee Cleophus akasema, "Huyu? Huyu alishamaliza." Yule mwanamke akaruhusu. Walipiga kura wote, hata yule bibi aliyeketi chini.

Nilikuwa nacheka peke yangu kwa furaha. Nikadhani yameisha.

Nje, kando ya mabasi, Shemasi Purvis akamshukuru Mama Grier, kisha akauliza mbele ya watu ni nani aliyeyatupa. Mama Grier akasema yeye anajua yalipookotwa, aliyeyatupa aseme mwenyewe. Bostick akaangalia viatu vyake. Shangazi akaniangalia mimi. Hakuwa amekasirika. Alikuwa anasubiri, kama anavyosubiri mlangoni mtu aingie.

Nilifungua mdomo. Naapa nilifungua. Lakini simu ikalia, Trevor, na simu ya Atlanta haiachwi. Nikageuka kando nikapokea.

Nyuma yangu nikamsikia Shangazi anasema, "Ufunguo ulikuwa wangu, Shemasi." Nilipogeuka alikuwa anavua glavu, kidole kimoja kimoja. Akamnyooshea Shemasi hizo glavu na ufunguo. Shemasi alichukua ufunguo. Glavu akashindwa kuzishika, akamwambia kaa nazo nyumbani, Dada Earlene. Macho yalikuwa yamemjaa maji.

Tulirudi nyumbani. Alinipakulia kwanza mimi. Nilijisikia mdogo sana mbele ya ile sahani.

Jumatano, Novemba 9

TUMESHINDA! Loftis seneta! Tofauti ni kura chache mno, na Trevor mwenyewe kasema ni boksi la kura la upande wetu wa reli lililomvusha. Anasema ni mapepeo. Ile picha ya mikono hewani imeonyeshwa mkutano mzima wa chama, ati ndivyo ujumbe unavyopokewa. Nimepewa meza Atlanta! Si ya dirishani, iko kando ya mashine ya chapa. Kiti hakizunguki. Lakini ni Atlanta!

Loftis alinipigia simu kunishukuru, akachanganya mambo, maskini, uchovu. Akasema alikula kambare kwa Bostick karibu kila wiki, akawaahidi watu kupigania ile wodi ya wazazi ifunguliwe, na ndiyo maana wamempa kura. Sikutaka kumsahihisha siku ya furaha yake.

Jumapili Shangazi aliketi kiti cha nne, na watu wa kawaida. Anajipepea na Bi Arzella. Mlangoni yuko Bostick. Ufunguo kapewa Bostick! Hajui hata ishara, watu wanagongana kwenye ujia, na kila wakigongana mkono wa Shangazi unaruka mapajani, kisha anaukamata kwa ule mwingine.

Trevor anataka jambo jipya kwa uchaguzi ujao, la makanisa yote ya jimbo. Nimewaza usiku kucha, na leo nikiwa jikoni limenijia. Glavu! Kila kanisa lina wahudumu, kila mhudumu ana glavu, na kila anayeingia anautazama ule mkono. Kiganjani tuandike MMOJA WETU.

Za Shangazi zilikuwa mezani, zimefuliwa, zimekunjwa. Nimechukua moja, ya kulia, niipeleke Atlanta iwe sampuli. Hataihitaji, hana kazi nayo tena.